Uzi: Tiba ya mwanga kwa soriasisi na hofu ya saratani ya ngozi. Nani ameshasimama kwenye kabati la taa?

BintiBarani (Malindi)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote wa pwani.

Nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, tangu nikiwa sekondari. Ilianza viwikoni, ikashuka magotini, ikaenea mgongoni, na sasa imepanda kichwani, mtandio siuvui hata nikiwa jikoni peke yangu. Mafuta ya kupaka nimemaliza aina zote. Daktari wa ngozi aliyeniona Mombasa anasema mafuta ya steroidi yamefika mwisho wake kwangu, kwa hiyo tujaribu tiba ya mwanga: unaingia kwenye kabati lenye taa ndefu, unasimama muda mfupi, mara tatu kwa wiki, wiki nyingi mfululizo.

Nilikubali. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na hapo ndipo usingizi ulipopaa. Kila nikifungua nakutana na mabadiliko ya jeni, p53, saratani ya ngozi. Mume wangu anacheka: "Jua la Malindi halijakuua, itakuua taa?" Mamangu naye anasema niachane nayo, nipake mafuta ya nazi na nivae mikono mirefu kama siku zote.

Je, ni kweli mwanga huo unabadilisha jeni? Na kama ni kweli, mbona madaktari wanautumia? Nataka mwenye ujuzi. Pole nimeshapewa za kutosha.

---

Nahodha_Shela (Lamu)

Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi mtu wa bahari, si daktari. Lakini babu yangu alikuwa na maradhi hayo hayo, mabaka mekundu yenye magamba meupe. Alikuwa akijipaka maji ya ndimu, akikaa barazani kwenye yuwa la saa tano mpaka ngozi ikawa nyeusi ti. Na yalipoa, niliyaona kwa mato yangu. Yeo watu walipa maelfu kwa taa, na yuwa la Mngu ni bure. Jaribu hilo kwanza.

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Nahodha, heshima yako iko pale pale, lakini dada huyu asiufuate ushauri huo. Nimekuwa afisa wa kliniki upande wa ngozi kwa miaka mingi, na watu walioungua kwa ndimu nimewaona: malengelenge makubwa kama waliomwagikiwa maji ya moto, kisha weusi unaokaa miezi. Wauza juisi huyapata mikononi. Watoto huyapata shingoni.

Sababu ni hii. Ganda na maji ya ndimu yana kemikali za jamii ya furokumarini, na mojawapo ya jamii hiyo ni psoraleni. Psoraleni ngozini bila mwanga haina neno. Ikipigwa na miale ya urujuanimno (ile ya jua isiyoonekana kwa macho) aina ya UVA, inajibana kwenye DNA ya seli. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa anajifanyia tiba ambayo hospitali huiita PUVA, ila bila kipimo cha dawa wala cha mwanga.

Na asili yake si ya Ulaya. Bonde la Nile kuna mmea uitwao Ammi majus ambao watu wa huko waliutumia tangu kale kwa mbalanga: unakula mbegu, unakaa juani. Miaka ya 1940 Dkt. Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa psoraleni iliyotolewa kwenye mmea huo. Mwaka 1974 madaktari wa Boston wakachapisha matokeo ya vidonge vya psoraleni pamoja na taa za UVA kwa soriasisi. Wagonjwa walitakata kwa namna ambayo haijawahi kuonekana, na PUVA ikaenea dunia nzima. Maswali ya saratani yalikuja nyuma yake.

BintiBarani, kabla hatujaendelea: daktari wako alisema UVB (aina nyingine ya miale hiyo, bila psoraleni) au PUVA? Ulipewa vidonge vya kumeza kabla ya kuingia kwenye taa? Hofu yote uliyoisoma inategemea jibu la swali hilo.

---

BintiBarani (Malindi)

Hakutaja vidonge. Kwenye karatasi ameandika "NB-UVB 311". Nilidhani ni namba ya chumba 😅

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Alhamdulillah. Hiyo 311 ni urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita. Ni UVB ya ukanda mwembamba, haina psoraleni. Mwalimu wa bayolojia yuko humu? Aeleze upande wa jeni, mimi nitarudi kwenye takwimu.

---

Mwl_Bayo (Malindi)

Nipo. Dada, swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo. Miale ya urujuanimno hubadilisha DNA, iwe imetoka kwenye taa ya hospitali au juani pale Casuarina saa saba mchana.

DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G. UVB ikimezwa na DNA, herufi mbili jirani za upande mmoja, T na T, au C iliyo kando ya T au C mwenzake, hushikana. Seli ina vimeng'enya vinavyopita vikitafuta mahali palipoungana hivyo. Vikipaona, hukata kipande cha herufi kama 30 hivi na kujaza upya kwa kunakili kutoka upande wa pili. Kazi hiyo inaendelea kwenye ngozi yako hata sasa ukisoma hapa. Mara chache seli hugawanyika kabla ya matengenezo kuisha, na C inanakiliwa kuwa T. Zikiwa C mbili zilizofuatana na zote zimegeuka T, mtafiti akiziona anajua aliyepita hapo ni urujuanimno. Moshi wa sigara huacha alama za namna nyingine.

Kosa moja mahali pasipo na kazi halina madhara. Taabu huanza likiangukia jeni kama TP53, iliyo kwenye kromosomu ya 17. Protini yake, p53, huisimamisha seli iliyoharibika isigawanyike mpaka itengenezwe, au ikishindikana huiamuru ife. Ukiungua na jua halafu ngozi ikabambuka, sehemu ya kinachobambuka ni seli zilizoamriwa kufa. Seli ambayo TP53 yake imeharibika haisikii amri. Inabaki, inazaana, na kila jua la baadaye linaipa nafasi ya kosa jingine. Mwaka 1991 kundi la Douglas Brash huko Yale lilichunguza saratani 24 za ngozi za aina ya seli za skwamasi (seli bapa za tabaka la juu la ngozi), likakuta 14 zina TP53 iliyobadilika, na ndani yake alama zile za C kugeuka T.

Ukitaka kujua matengenezo haya yana thamani gani, watazame watoto wenye xeroderma pigmentosum. Mwaka 1968 James Cleaver alionyesha kwamba seli zao haziwezi kuitengeneza DNA iliyopigwa na urujuanimno. Watoto hao hupata saratani za ngozi wakiwa bado wadogo, kwa jua la kawaida tu. Hao tiba ya mwanga ni marufuku kabisa.

Sasa PUVA. Psoraleni huingia katikati ya nyuzi mbili za DNA, na UVA inapoipiga inashika T ya upande huu na T ya upande ule. Ni kama mtu ameishona zipu kwa sindano: haifunguki tena. Seli isiyoweza kuifungua DNA yake haigawanyiki, na soriasisi ni ugonjwa wa seli zinazogawanyika kupita kiasi, kwa hiyo unaona kwa nini inafanya kazi vizuri. Lakini mshono huo ukitengenezwa vibaya unaacha mabadiliko ya aina yake. Kwenye saratani za watu waliopata PUVA nyingi walikuta TP53 iliyobadilika, na wengine jeni ya Ha-ras pia. Kilichowashangaza ni kwamba nyingi ya alama hizo hazikuwa za psoraleni bali zile za kawaida za UVB. Maana yake PUVA haikuwa peke yake. Jua walilolipata maishani na tiba za UVB za awali zilikuwa zimeshaandika humo, kisha PUVA ikaongeza.

---

Mpiga_Debe_Maweni (Malindi)

Mwalimu, mimi bayolojia nilikuwa nalala dawati la nyuma lakini leo nimeelewa mpaka zipu. Swali la biashara: pale tunapouza maji ya kuchuja kuna taa ya UV ndani ya bomba. Binti asije tukampiga nayo kwa bei ya mtaa?

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Usithubutu. Hiyo ni UVC, nanomita 254, ya kuulia vijidudu. Dakika chache tu na macho yatakuwa kama yametiwa mchanga usiku kucha. Taa za kukaushia kucha saluni nazo ni UVA, hazina kazi kwenye soriasisi. Na kuna vijana wanaagiza taa za bei rahisi mtandaoni zisizoandikwa wimbi wala nguvu. Ukipata taa ambayo hujui inatoa nini, huna tiba, una kitu cha kuunguza ngozi.

---

Mmalindi_Torino (Italia, mzaliwa wa Shella, Malindi)

Mimi nimepitia NB-UVB huku, na ngozi yangu nyeusi kama yenu. Nieleze ilivyo ili hofu ipungue.

Siku ya kwanza hawakuniingiza kwenye kabati. Walinipiga mwanga kwenye vijisehemu vidogo mgongoni, kila kimoja kipimo chake, kesho yake wakatazama kipi kimebadilika rangi. Hapo ndipo wakajua waanzie wapi. Kisha kipimo kinapanda kidogo kidogo. Unavaa miwani ya kukinga macho, mwanamume anafunika sehemu za siri, na uso ukiwa safi unaufunika pia. Mara za mwanzo ni sekunde, huamini kama wamewasha. Harufu ya chumba tu ndiyo ilinichosha.

Nesi aliandika kila kipimo kwenye daftari, na mwisho nilipewa karatasi yenye jumla. Dada, hiyo karatasi idai. Ukihama mji au ukibadili daktari, yeye atakayekupokea ataanza kuhesabu kutoka sifuri kama huna.

Halafu kinachonichekesha huku: hawa hawa wanaoogopa taa ya hospitali, Desemba wanapanda ndege kuja kulala mchanga wa Malindi saa sita mchana bila mafuta, warudi wekundu kama kamba wa kuchemsha.

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Nimerudi na takwimu kama nilivyoahidi.

Kwa PUVA, ushahidi mkubwa umetoka Marekani. Mwaka 1975 na 1976 waliandikishwa wagonjwa 1,380 katika vituo 16, wakafuatiliwa kwa miongo chini ya Dkt. Robert Stern. Saratani ya seli za skwamasi ilipanda kadiri idadi ya vipindi ilivyopanda. Waliobaki chini ya vipindi 150 ongezeko lao lilikuwa dogo. Waliopita 350 lilikuwa kubwa sana. Wanaume waliosimama bila kujifunika walipata saratani za sehemu za siri, ndiyo asili ya amri hiyo aliyoitaja ndugu wa Torino. Mwaka 1997 wakaripoti pia melanoma (saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi), iliyoanza kuonekana kama miaka 15 tangu kipindi cha kwanza. Hapa wataalamu hawakukubaliana: Wasweden walifuatilia wagonjwa 4,799 wa PUVA, wakaripoti mwaka 1999 kwamba melanoma haikuongezeka, ingawa skwamasi iliongezeka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka psoraleni hiyo pamoja na UVA kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa NB-UVB hali ni nyingine. Uskoti walikusanya rekodi za wagonjwa 3,867 na kuchapisha mwaka 2008. Hawakuona uhusiano wa maana kati ya NB-UVB na saratani ya ngozi. Lakini nisikufiche: nusu yao walipata vipindi 29 au pungufu, waliopata 100 au zaidi walikuwa 352, na miaka ya kuwafuatilia haikuwa mingi. Melanoma ya PUVA ilichukua miaka 15 kujitokeza. Kwa hiyo mimi husema "mpaka sasa hakuna dalili mbaya", sisemi "haina madhara". Daktari akikuambia ni salama asilimia mia, muulize kwa nini basi anahesabu vipindi.

---

BintiBarani (Malindi)

Ahsante sana Tabibu, na Mwalimu pia. Sasa lililonibana zaidi: hao wote ni Wazungu. Sisi je?

---

Mwl_Bayo (Malindi)

Swali zuri, na watu wengi hawaliulizi. Melanini, yaani rangi ya ngozi nyeusi, hukaa juu ya kiini cha seli na kumeza miale kabla haijafika kwenye DNA. Vipimo vya mwaka 1979 vilionyesha tabaka la juu la ngozi nyeusi hupitisha UVB kama asilimia 7.4, la ngozi nyeupe asilimia 24. Ripoti za PUVA kutoka Japani, Korea, Thailandi, Misri na Tunisia hazikuonyesha lile ongezeko la Marekani. Hiyo ni habari njema kwako.

Ila asilimia 7.4 si sifuri. Na watu weusi wanapopata melanoma, mara nyingi hukaa mahali pasipo na rangi nyingi: nyayo, viganja, chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu. Jua halihusiki sana na aina hiyo, lakini hucheleweshwa kugunduliwa kwa sababu kila mtu anaamini mweusi haugui.

---

MamaWatamu (Watamu)

Samahani naingilia. Mwanangu ana ualbino, na ana ngozi kavu yenye magamba kidogo viwikoni. Jirani kaniambia nimtoe juani asubuhi kwa sababu "mwanga hutibu ngozi". Nimesoma hapa nimeogopa.

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Mama, umefanya vyema kuuliza. Mtoto mwenye ualbino asitolewe juani kwa tiba yoyote, na taa pia hapana. Yeye hana melanini ya kumkinga, na saratani za ngozi huwapata mapema. Hayo magamba mpeleke akaangaliwe, huenda ni ukurutu tu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kugawa mafuta ya kukinga jua bila malipo. Kama hujamwandikisha, ulizia hospitali ya Malindi wakuelekeze. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta hata siku ya mawingu.

---

Nahodha_Shela (Lamu)

Haya, ndimu nimeiweka chini, itakwenda kwenye achari. Lakini Tabibu, yuwa lenyewe bila ndimu? Hao wagonjwa wa Ulaya si huenda mpaka Bahari ya Chumvi kulala juani kwa maradhi haya haya?

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Huenda, na wengi hupata nafuu. Kule ni chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 400, hewa ni nzito na UVB inapungua kabla ya kufika ardhini, kwa hiyo mtu anaweza kukaa muda mrefu zaidi bila kuungua. Na wana daktari anayewapangia dakika.

Lamu iko karibu kabisa na ikweta. Jua letu la mchana ni kali mwaka mzima, na hakuna anayekupimia. Jua dogo la asubuhi viwikoni halikatazwi. Kinachokatazwa ni kuungua, kwa sababu ngozi ya soriasisi ikijeruhiwa, hata kwa jua, mabaka mapya huota pale pale kwenye jeraha. Mjerumani Koebner aliliandika hilo tangu 1872 na mimi nimeliona kwa wavuvi wetu.

Na kwa Binti, kabla ya kuanza, mwambie daktari dawa zako zote. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue haraka. Siklosporini baada ya PUVA nyingi ni hatari inayojulikana, kwa sababu inaizuia kinga ya mwili isiziue seli zilizoharibika. Mkorogo wa kujichubua, kama upo nyumbani, utupe: unakuondolea melanini ile ile Mwalimu anayoisifu. Dawa za presha pia, hidroklorothayazidi hasa, huongeza athari ya jua, na Denmark waliihusisha na saratani ya skwamasi.

---

BintiBarani (Malindi)

Sina presha, mkorogo sijawahi kugusa. Nina doksisaiklini niliyopewa mwezi uliopita kwa kifua, nitaitaja.

Mume wangu amesoma uzi wote. Amekubali kunipeleka na kunirudisha Mombasa, ila analalamika nauli ya mara tatu kwa wiki itamaliza kuku wote. Nimepanga kukaa kwa shangazi Kisauni mpaka vipindi viishe. Daftari nimeshanunua.

---

Nahodha_Shela (Lamu)

Mngu akuponye mwanangu.

Tabibu, hiyo dawa ya presha uliyoitaja ndiyo yangu! Nimeisoma kwenye pakiti, herufi kwa herufi. Na mimi kutwa niko mashuani. Niiache?

---

TabibuMstaafu (Lamu)

Usiache hata siku moja kwa kunisoma mimi hapa. Presha itakuua mwaka huu, saratani ya ngozi kwa mtu wa rangi yako ni jambo la nadra. Chukua pakiti, nenda kliniki ya presha hapo King Fahd, waambie unashinda baharini na uliza kama kuna dawa nyingine inayokufaa. Kidonda chochote mdomoni, sikioni au mguuni kisichopona kwa mwezi, waonyeshe siku hiyo hiyo. Na vaa kofia yenye ukingo mpana. Kofia ya kiua haifuniki masikio.

---

Nahodha_Shela (Lamu)

Yeo hiyo hiyo alasiri naenda inshallah, boti ya Mokowe ikirudi.